Fundi Waya wa Ukunda

Gari la mtumba linaloshushwa bandarini Mombasa kutoka Japani huja na redio nzima isiyokuwa na la kutuambia. Kule kwao FM ilianzia 76 ikakoma 90. Huku kwetu Pwani FM iko 103.1 na Baraka FM 95.5, kwa hivyo hata zile redio za karibuni zinazofika 95 hukomea mlangoni. Sheria inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, lakini likishaingia hukaa barabarani miaka mingi, na kusini mwa Likoni bado utapanda gari lenye deki ya kanda na maandishi ya Kijapani. Mafundi wana kijisanduku cha kupachika kwenye waya wa eriali, kinachozishusha stesheni zetu hadi ndani ya masafa hayo. Kinasaidia, ila hakizifikii zote, na namba unayoiona kwenye kioo siyo ya stesheni unayoisikiliza.

Mwenye gari naye mara nyingi hana haja kubwa na stesheni. Ana simu, au kile kidude kidogo cha kuchezea nyimbo, na ndani yake mna taarab ya Zein l'Abdin na Zuhura Swaleh iliyohamishwa kutoka kwenye kanda, muziki wa bango wa Mzee Ngala, kaswida, mawaidha, na ngoma ya sengenya iliyorekodiwa arusini. Anataka vimtokee kwenye spika za gari, kwa sauti safi, toka anapoteremka feri ya Likoni mpaka Msambweni, mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita 50. Hapo ndipo anapomtafuta fundi waya.

Nimewatazama mafundi hawa wa Ukunda kwa muda mrefu, na kila nikiwatazama heshima yangu kwao huzidi. Mfuko wa fundi hauna mengi: bisibisi, koleo, testa ya balbu, mita, msasa, tepu, risasi, chuma cha kulehemu kinachopashwa moto kwa betri ya gari, na betri ndogo ya saa ya ukutani ambayo mgeni hawezi kukisia kazi yake. Fundi mzuri akishaitoa redio kwenye dashibodi hakati kitu. Anauvuta mkungu wa nyaya nje, anautazama, kisha anauliza gari liliwahi kuguswa na nani.

Ana sababu. Redio nyingi za dukani hufuata mpangilio mmoja wa rangi. Njano ni umeme wa betri usiokatika, unaotunza saa na kumbukumbu. Nyekundu ni umeme unaokuja kwa ufunguo. Nyeusi ni athi, ule waya unaourudisha umeme kwenye bodi ya gari. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika. Lakini Toyota nyingi zilizotoka kiwandani zina rangi zao. Umeme usiokatika hupita kwenye waya wa buluu wenye mstari wa njano, athi ni kahawia, na umeme wa ufunguo hupita kwenye waya wa kijivu. Mwenye haraka atafunga kijivu kwa kijivu. Kwenye redio ya dukani kijivu ni spika ya mbele kulia, kwa hivyo atakuwa ameipeleka volti 12 mahali panapotakiwa kutoka muziki, na redio hufa siku ile ile iliyonunuliwa.

Fundi mzuri haziamini rangi. Anakibana kibanio cha testa kwenye chuma cha bodi, anagusa waya mmoja mmoja, ufunguo ukiwa umezimwa, kisha ukiwa umewashwa, naye akitazama balbu. Nilimwuliza mmoja kwa nini anatumia balbu na mita anayo. Akanionyesha waya uliooza kwa ndani: mita ilisoma volti 12 kamili, balbu haikuwaka. Mita haihitaji umeme mwingi kusoma namba. Balbu hula umeme, na waya mgonjwa hauwezi kuilisha. Zamu ya nyaya za spika ikifika ndipo ile betri ya saa inapotolewa. Anaigusisha kwenye jozi ya nyaya, spika inasema tap, naye anachungulia kama karatasi yake imeruka kwenda nje au imeingia ndani. Ikienda nje, chanya ameipata. Kazi hii huifanya kwa kila spika, kwa sababu spika moja ikigeuzwa huvutana na mwenzake na besi hupotea, na mwenye gari atalalamikia redio isiyo na kosa.

Njia za kuunganisha simu ni nyingi na si zote zinataka fundi. Kipo kile kitumaji cha FM kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Vingi huanza 87.5, kwa hivyo kwenye redio ya Kijapani inayokoma 90 unabaki na kipande chembamba cha kukutania, na masafa yaliyokuwa matupu Ukunda huweza kuwa na mwenyewe ukikaribia Lunga Lunga. Ipo kanda ya bandia yenye waya mkiani, ambayo jua la Diani huipinda gari likiachwa uwanjani.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya deki ya kanda isiyo na tundu lolote la kuchomekea, ambayo mwenyewe hataki kuitupa. Fundi anafungua kifuniko cha deki na kuufuata mkondo wa sauti kutoka kwenye kichwa kinachosoma kanda. Hawezi kuunga pale kichwani penyewe, maana sauti ya kichwa ni hafifu mno na ya simu ingeifurika. Anasonga mbele mpaka baada ya kikuza sauti cha kanda, kabla ya kitufe cha kupandisha na kushusha sauti, na hapo analehemu nyaya tatu nyembamba: kushoto, kulia na athi, zote zikiwa ndani ya waya mmoja wenye wavu wa shaba wa kuzuia makelele. Upande wa pili anaweka plagi ya milimita 3.5, ncha ikiwa kushoto, pete ya kati kulia, shina athi. Deki huifungua njia hiyo pale tu kanda inapozunguka, kwa hivyo hutiwa kanda tupu, ikazunguka bila neno huku simu ikiimba. Mtu aliyeiweza kazi hii bila mchoro wa kiwanda, kwa kufuata njia za shaba kwa macho na kidole, ni msomi.

Kisha huja mtihani wa bahari. Upepo wa chumvi huingia kila mahali, na shaba iliyo wazi hugeuka kijani. Athi iliyofungwa kwenye skrubu yenye kutu hukuletea mlio unaopanda kila unapokanyaga mafuta, hasa simu ikiwa inachajiwa papo hapo inapopiga muziki. Nilishuhudia hivi:

"Mzee, washa gari. Kanyaga kidogo. Wasikia nini?"

"Nasikia kama mbu, fundi."

"Sasa chomoa chaja."

Mbu akanyamaza. Fundi akajua athi ya chaja na athi ya redio zinapita njia mbili na sauti imenasa kati yake. Angeweza kumwambia mzee asichaji njiani, akachukua pesa yake. Alichofanya ni kutambaa chini ya dashibodi, akapiga msasa mahali pa athi mpaka chuma kikang'aa, akazileta athi zote mbili kwenye skrubu moja, akakaza, akapaka grisi. Kisha akaufungia waya wa njano fyuzi yake, ambayo mzee hakuiomba wala hakujua kama ilikosekana.

Dashibodi ikirudishwa hapana atakayeiona ile lehemu wala ile grisi. Wapo wanaosokota nyaya kwa vidole na kuzizungushia tepu, na siku ya kwanza muziki wao husikika sawa na wa fundi huyu. Joto hulainisha gundi ya tepu, barabara hutikisa, chumvi huingia, na baada ya msimu mmoja wa mvua spika ya kushoto hukatika.

Wewe unayepeleka gari lako Ukunda au Msambweni, mwulize fundi kama atalehemu au atasokota, na athi ataifunga wapi. Akisema kazi itakula nusu siku, mpe nusu siku hiyo, na ulipe bila kumpunguzia.