Nani Asemaye "Lazima"? Usemi wa Taarifa katika Riwaya ya Emma na Kazi ya Mfasiri

Wanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kanuni ya usemi wa taarifa. Mtu anapotaarifu maneno ya mwenzake, mambo matatu hubadilika kwa pamoja. Kitenzi cha kutaarifu, kama "said" au "thought", huwekwa katika wakati uliopita. Kiwakilishi cha nafsi ya kwanza huwa cha nafsi ya tatu. Na kitenzi kisaidizi hurudi nyuma hatua moja: "will" huwa "would", "can" huwa "could", "may" huwa "might". Kanuni hii huonekana kuwa jambo la sarufi tu, la kufanyiwa mazoezi na kusahauliwa. Lakini katika riwaya ya Emma, ambayo Jane Austen aliitoa London mwishoni mwa mwaka 1815, kanuni hiyo ndiyo inayobeba kisa chenyewe. Mfasiri wa Kiswahili asiyeliona jambo hilo anaweza kuyaeleza matukio yote kwa usahihi na bado akaipoteza riwaya.

Kisa chenyewe ni hiki. Emma Woodhouse, binti tajiri na mwerevu anayekaribia umri wa miaka 21, amejipa kazi ya kumtafutia mume rafiki yake Harriet Smith, msichana wa miaka 17 ambaye wazazi wake hawajulikani. Anamshawishi Harriet amkatae mkulima Robert Martin, aliyemposa kwa moyo safi, kwa kuwa yeye Emma amekwisha kumchagulia Bwana Elton, kasisi wa Highbury. Emma anamchora Harriet. Bwana Elton anaisifu picha na kuipeleka London mwenyewe ikatiwe fremu. Bwana Elton analeta fumbo la mapenzi. Emma analifumbua kwa faida ya Harriet. Usiku wa kuamkia Krismasi, ndani ya gari la farasi, Bwana Elton anatoa posa, naye anamposa Emma. Kumbe aliyesifiwa siku zote alikuwa mchoraji, si mchorwa.

Msomaji wa mara ya kwanza huweza kupotea pamoja na Emma, ingawa dalili zote zimewekwa mbele yake. Sababu ni kwamba mara nyingi Austen hukiondoa kitenzi cha kutaarifu. Haandiki kwamba Emma "alifikiri" hivi au vile; huliacha wazo la Emma lisimame peke yake katika nafsi ya tatu, kana kwamba ni kauli ya msimulizi. Mbinu hiyo yaweza kuitwa usemi huru wa taarifa.

Sentensi moja fupi, iliyotungwa hapa kwa mfano, yatosha kuonyesha ufundi huo: "He must love her." Kwanza, haina kitenzi cha kutaarifu, hivyo haisemi ni wazo la nani. Pili, kitenzi kisaidizi "must" hakifuati mwendo wa "will" na "can". Hakina umbo la wakati uliopita, nacho hubaki vilevile katika usemi halisi, katika usemi wa taarifa na katika kauli ya msimulizi. Tatu, kiwakilishi "her" chaweza kumtaja Harriet, na chaweza kumtaja Emma. Emma anakijaza jina la Harriet. Ukweli wa mambo unakijaza jina lake mwenyewe.

Jambo zito zaidi limo katika maana ya "must". Neno hilo hubeba mambo mawili: sharti, yaani mtu hana budi kutenda, na hitimisho, yaani dalili zinaonyesha kwamba ndivyo ilivyo. Kosa la Emma ni kuyachanganya mambo hayo mawili. Anataka Bwana Elton ampende Harriet, kisha anayachukua matakwa yake kuwa ni ushahidi. Lugha yake inamruhusu kufanya hivyo bila hata kujigundua.

Kiswahili hakiruhusu kwa urahisi hivyo. "Lazima ampende", kwa hali tegemezi, ni sharti. "Lazima anampenda", kwa hali ya kuarifu, ni hitimisho. Irabu ya mwisho na kiambishi cha njeo humlazimisha mfasiri kuchagua mahali ambapo Emma hakuchagua. Mwanafunzi wa Kongo aliyesomeshwa kwa Kifaransa hushtuka hapa, kwa maana Kifaransa kinazo njia zinazofanana na za Kiingereza: "il doit l'aimer" huhifadhi maana zote mbili, na tena huficha jinsia ya anayependwa. Ugumu humngoja afikapo kwenye Kiswahili.

Mtego mwingine umo katika "would". Kiswahili sanifu, kikitaarifu, hubadili nafsi bila kulazimika kubadili njeo: "nitamsaidia" huwa "alisema kwamba atamsaidia". Anayetafsiri kila "would" kwa "-nge-" huandika "alisema angemsaidia", na msomaji hungojea sharti: angemsaidia kama nini? Ahadi imegeuka kuwa udhuru. Kifaransa nacho huongeza hatari, kwa sababu hali yake ya masharti hutumika pia magazetini kwa habari zisizothibitishwa. Aliyeizoea aweza kuiona "would" kuwa tetesi, hali Kiingereza hakikusudii hivyo.

Wafasiri wenye haraka hukimbilia dawa mbili. Ya kwanza ni kurudisha "alidhani" kila mahali. Neno hilo dogo linavunja siri, kwani katika Kiswahili anayetajwa kuwa "alidhani" huhesabiwa mara nyingi kuwa amekosea. Ya pili ni "eti", ambayo ni kali zaidi: humdhihaki Emma kabla hajaanguka. "Kumbe" ina mahali pake, lakini baada ya posa ya garini, Emma anapoketi peke yake kuyatafakari mambo upya. Ikitangulia, itautoboa mtungi kabla haujajaa.

Njia bora iko katika hazina ya Kiswahili chenyewe. "Hawezi kukosa kumpenda": hapa kitenzi kikuu kimo katika umbo la kutokomoa, hivyo hali tegemezi na hali ya kuarifu hazigombani. Hitimisho limo, na sharti limo. Njeo imebaki ya anayewaza, kama desturi ya Kiswahili ilivyo. Kiambishi "-m-" hakimtaji Harriet wala Emma. Tena hakuna "alidhani" wala "eti". Msomaji huisoma sentensi akaiamini, kama Emma alivyoiamini.

Hapo ndipo uzito wa suala ulipo. Harriet anakaribia kumpoteza kabisa Robert Martin, ambaye mwishoni ndiye anayemuoa, kwa sababu ya "lazima" ya mtu mwingine iliyovaa vazi la ukweli. Riwaya inataka msomaji naye aivae, kisha aione aibu yake. Tafsiri inayomwonya mapema inamwokoa na kosa ambalo Austen alikusudia alitende.