Vipaza Sauti Viwili, Waimbaji Wanane

Rekodi nyingi za vikundi vya uimbaji katika sharika zetu leo hutengenezwa bila watu kuimba pamoja. Kila mmoja huingia studio peke yake, huimba sehemu yake, kisha fundi huziunganisha sauti kwenye kompyuta. Matokeo ni safi, wala hatuwalaumu mafundi. Lakini tukisikiliza kwa makini tunagundua kwamba hakuna anayemsikiliza mwenzake. Tena, wazee ambao sauti zao zinatetemeka huachwa nje kabisa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1927, mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia huko Marekani, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alirekodi nyimbo za watu wa milimani, zikiwemo za kanisa, moja kwa moja kwenye nta. Sauti hazikuweza kupangwa upya baadaye. Ilibidi watu wapangwe kwanza. Mwaka 1931 Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya kurekodi kwa vipaza sauti viwili vilivyowekwa mahali pamoja, kila kimoja kikielekea upande wake, ili msikilizaji atambue nani yuko kushoto na nani kulia.

Kikundi cha watu wanane kinaweza kufanya hivyo hata sasa. Wasimame nusu duara, vipaza viwili viwe mbele yao kama mita mbili, juu kidogo ya vichwa. Wajaribu ubeti mmoja, wausikilize, kisha wapangane: soprano mwenye sauti kali arudi nyuma hatua moja, mzee wa besi asogee mbele.

Hatua hiyo moja ndiyo tunayoitetea. Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Katika studio, kiungo dhaifu hufutwa. Hapa, mwenye nguvu humpisha.

Njia hii ina gharama. Paa la bati hurudisha mwangwi, pikipiki husikika, na mmoja akikosea wote huanza upya. Basi tutundike mablanketi, turekodi usiku, tuvumiliane.

Tunawaomba walimu wa kwaya warekodi angalau wimbo mmoja kwa namna hii, wazee wakiwemo, kisha usharika uusikilize na kuamua.