Santuri na Ukumbi: Namna ya Kuzihakiki Bendi za Msondo na Sikinde

Wahakiki wetu wa fasihi, tangu walipoanza kuushughulikia muziki wa dansi, wamezoea kuuingilia kwa mlango mmoja tu, nao ni mlango wa maneno. Huyaandika maneno ya wimbo katika karatasi, wakayapanga kwa beti, kisha wakayachambua kwa fani na maudhui kama wafanyavyo kwa shairi. Njia hiyo ina manufaa yake, nasi hatuibezi. Lakini mtu aliyepata kusimama mbele ya jukwaa la JUWATA Jazz saa saba za usiku ajua kwamba kilichomtoa nyumbani kwake hakikuwa maneno peke yake. Maneno alikwisha kuyasikia redioni mara mia. Alikuja kusikia kitu ambacho redio haikuwa nacho.

Katika makala hii twataka kusema kwamba bendi zetu za dansi zilikuwa na kazi mbili zilizo mbalimbali, kazi ya kurekodi na kazi ya ukumbini, na kwamba hukumu ya haki haiwezi kutolewa kwa kuitazama moja na kuiacha ya pili. Huenda jambo hili likaonekana jepesi. Uzito wake ni kwamba kazi ya kwanza imesalia na ya pili imetoweka, na vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1990 wanazipima bendi zile kwa kile kilichosalia tu. Kwa kipimo hicho baadhi ya wakubwa wetu wamekuwa wadogo.

Yafaa tujitambulishe mapema, maana katika mambo haya msomaji ana haki ya kujua anazungumza na nani. Sisi tu washabiki wa Sikinde. Wenzetu wa Msondo watakaposoma haya watajua waanzie wapi kutupinga, ingawa wakivumilia kidogo watakuta tumewasifia kuliko walivyotazamia.

Kwa wasiozijua bendi hizi, historia yake kwa ufupi ni hii. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipokuwa JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970 bendi nayo ikabadili jina, ikaja kuwa OTTU Jazz, na hatimaye ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978, ikichukua jina la mahali ilipopiga muziki karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1983 ikawa mali ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Mtindo wake ni Sikinde, ngoma ya ukae. Majina yote mawili, Msondo na Sikinde, yalitokana na ngoma za jadi za mwambao na bara yake. Wakati ule kila bendi ilikuwa na mtindo wake kama vile kila kabila lilivyo na ngoma yake: Western Jazz na Saboso, Afro 70 na Afrosa, Maquis na Kamanyola, Super Volcano na Masika.

Sasa tuje kwenye santuri. Katika nchi za Ulaya na Marekani mshabiki wa bendi za roki huhesabu albamu. Atakwambia albamu ipi ilitoka mwaka gani, ipi ina kasoro, na ipi isikilizwe kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuinua sindano. Ana sababu, kwani kwao albamu ilikuja kuwa kazi kamili inayojitegemea. The Beatles waliacha kabisa kufanya maonyesho ya ziara mwezi Agosti 1966, na mwaka uliofuata wakatoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, kazi iliyotengenezwa studioni kwa namna ambayo jukwaa la siku zile lisingeweza kuitoa. Mshabiki wa namna hiyo akija kwetu na kuuliza albamu bora ya NUTA Jazz ni ipi, tutamwangalia tu. Hakuna siku ambayo wanamuziki wa NUTA walikaa wakapanga nyimbo kumi ziwe kitu kimoja. Waliandika nyimbo, wakazipiga ukumbini, wakazirekodi. Mkusanyaji akaja baadaye akazitia pamoja. Hata santuri za Mbaraka Mwinshehe zilizotolewa kwa jina la Ukumbusho ni makusanyo yaliyofanywa na wachapishaji baada ya marehemu kufariki katika ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979. Ni hazina kubwa, lakini si yeye aliyezipanga.

Hapa ndipo hapana budi kutenganisha Nairobi na Dar es Salaam. Santuri zilitengenezwa Nairobi. Santuri ndogo ya mizunguko 45 ilikuwa na pande mbili, na wimbo wa dansi ulilazimika kukatwa katikati: nusu upande wa kwanza, nusu upande wa pili. Aghalabu upande wa kwanza ulibeba kisa na sauti, na wa pili ukabeba magitaa na kucheza. Kwa mwanamuziki mvivu sheria hiyo ilikuwa pingu. Kwa wale ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliohamia Kenya katika miaka ya mwanzo ya 1970 na kuanzisha Simba Wanyika, ilikuwa shule. Walijifunza kutopoteza hata mpigo mmoja. Wenzao waliojitenga nao mwaka 1978 na kuunda Les Wanyika walilifikisha somo hilo mbali zaidi. Wimbo wao Sina Makosa, kwa maoni yetu, ndiyo santuri iliyokamilika kuliko zote zilizowahi kutolewa kwa Kiswahili katika Afrika Mashariki. Sikiliza gitaa la rithim la Omar Shabani na gitaa la besi la Tommy Malanga yanavyojibizana, kila moja likinyamaza pale mwenzake anaposema. Hakuna kilichozidi wala kilichopungua. Mtu akisema kwamba rekodi si kazi ya sanaa bali ni kivuli cha ukumbi, mwekee wimbo huo.

Lakini Dar es Salaam mambo yalikuwa mengine. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika, ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Na hiyo ndiyo miaka ambayo Mlimani Park ilizaliwa na kukomaa. Bendi ya Dar es Salaam ya wakati ule ilirekodi Radio Tanzania, si kwa ajili ya kuuza santuri, bali ili wimbo upigwe hewani. Bendi nzima iliingia studioni ikapiga kwa pamoja mbele ya vipaza sauti vichache. Mmoja akikosea, wote wakaanza upya. Na kwa kuwa hapakuwa na santuri ya kugeuza upande, wimbo haukukatwa. Uliachwa uende dakika sita, saba, hata zaidi. Mshabiki aliyetaka kuwa nao nyumbani alikesha na redio-kaseti yake, kidole juu ya kitufe, akiomba mtangazaji asiongee kabla wimbo haujaisha. Kanda nyingi za nyumbani za miaka ile zina sauti ya mtangazaji juu ya matarumbeta ya mwisho.

Katika studio hiyo ya Radio Tanzania, twasema bila kusita, Sikinde iliishinda Msondo. Sababu yake ni Michael Enoch. Mzee huyo alikuwa mpiga gitaa wa Dar es Salaam Jazz kabla hajashika saksafoni, naye aliijua kazi ya kila chombo kwa kuwa karibu vyote alivipiga. Alizipanga nyimbo za Mlimani Park kama mshona mkeka: ukindu huu unapita chini, ule unapita juu, na mwisho huoni kiungo. Chukua Neema, wimbo wa Cosmas Chidumule. Sauti ya Chidumule haiharakishwi. Wenzake wanaiitikia, vyombo vya kupuliza vinaingia pale tu mlango unapofunguliwa, na magitaa yanaendelea kuzungumza chini kwa chini pasipo kumkatiza mtu. Kipaza sauti kimoja kinatosha kuuchukua wimbo wa namna hiyo, kwa sababu mpangilio wenyewe umekwisha kufanya kazi ya fundi mitambo. Ndiyo maana albamu ya Mlimani Park iliyotoka ng'ambo mwaka 1994 kwa jina la Sikinde, iliyokusanywa kutoka kanda hizohizo za Radio Tanzania, iliweza kusikilizwa na watu wasiojua neno la Kiswahili na wakaipenda.

Msondo katika kanda zilezile inasikika kama mtu mkubwa aliyevaa shati la mdogo wake. Ngoma ni nzito mno kwa kipaza sauti. Tarumbeta la Joseph Lusungu, ambalo ukumbini lilikuwa likimfikia hata mtu aliyesimama nje barabarani, katika kanda laonekana linapayuka. Kijana anayezisikiliza bendi hizi mbili leo kwa kanda tu hana namna ila kusema kwamba Msondo ilikuwa bendi ya kelele na Sikinde bendi ya ustadi. Hayo tumekwisha kuyasoma yakiandikwa. Nasi tulio washabiki wa Sikinde ndio hasa tunaopaswa kuyakana.

Kwani ukumbini mambo yaligeuka. Katika kumbi za DDC Kariakoo na Magomeni Kondoa, au Amana kule Ilala, wimbo haukuwa na urefu maalumu. Beti zilipokwisha, bendi iliingia sehemu ya kuchezea, na hapo aliyekuwa na usukani ni mpiga gitaa la solo. Saidi Mabera, aliyejiunga na NUTA Jazz mwaka 1973 na kudumu katika bendi hiyo miaka mingi kuliko watu wanavyodumu katika ndoa, alikuwa na tabia ya kukishika kipande kifupi cha sauti chache na kukirudia, kila mara akikigeuza kidogo sana, huku akiwatazama wachezaji. Wakilegea, alikibana, wakichemka, alikiachia. Hakuwa akiuonyesha ufundi wa vidole vyake, kwa hiyo wanaohesabu sauti kwa wingi hawakumwelewa. Nyuma yake ngoma ileile iliyokuwa nzito kwa kipaza sauti ilikuwa sasa ndiyo sakafu ambayo watu mia kadhaa walikanyaga kwa pamoja. Sikinde ukumbini ilibaki nzuri, tena nzuri sana, lakini ilikuwa nzuri kama ilivyo katika kanda. Msondo ilikuwa kitu kingine kabisa, nacho hakikurekodiwa.

Wapo watakaosema kwamba tofauti hii ilikuwa ya waimbaji. Jibu lake limo katika safari za waimbaji wenyewe. Muhiddin Maalim Gurumo alikuwa nguzo ya NUTA tangu mwanzo. Akaondoka kwenda kuianzisha Mlimani Park. Mwaka 1985 akaondoka tena pamoja na Abel Bartazar na wengine kwenda International Orchestra Safari Sound, wana Ndekule. Kisha akarudi Msondo, ambako alikaa hadi alipostaafu mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Hassani Bitchuka naye aliuvuka mto huo zaidi ya mara moja. Kila walipohama, washabiki walilia kwamba bendi imekufa, na kila mara bendi haikufa. Gurumo akiimba Msondo alikuwa Msondo, akiimba Sikinde alikuwa Sikinde. Waliobaki mahali pao ni Mabera upande mmoja na Enoch upande wa pili, na hao ndio walioishika mitindo. Mhakiki anayeyasoma maneno tu, akiona jina la mtunzi lilelile pande zote mbili, hawezi kuijua tofauti hii hata akichambua beti elfu.

Kuhusu ushabiki wenyewe, ambao umelinganishwa mara nyingi na ule wa Simba na Yanga, twapenda kuongeza neno. Ulinganisho huo ni wa kweli kwa makelele yake, lakini unasahau kwamba mtazamaji wa mpira hawezi kuingia uwanjani akapiga penalti. Mshabiki wa dansi aliingia. Alipanda jukwaani akambandika mwimbaji noti kipajini, na ubeti ule ukarudiwa. Aliacha kucheza, na wimbo ukafupishwa. Wimbo mpya uliopigwa mara tatu mbele ya ukumbi uliokaa kitini haukufika studioni kamwe. Kwa hiyo hata zile kanda za Radio Tanzania tunazozisifu zilikwisha kuhaririwa na miguu ya watu kabla ya kurekodiwa, na jambo hilo halijaandikwa popote katika maganda yake.

Tukitaja maganda, tunalo ombi kwa wale wanaozitunza kanda hizo, ambazo sasa zimo katika hifadhi ya TBC, na kwa wale wanaozitoa upya hapa nchini na ng'ambo. Mara nyingi wimbo hutolewa ukiwa na jina la bendi na jina la mwimbaji, basi. Aliyepiga besi hatajwi. Aliyepiga tumba hatajwi. Mwaka wa kurekodi huachwa, na sehemu ya mwisho hufifishwa ili wimbo uenee mahali pake. Wengi wa waliopiga wamekwisha kufariki, lakini si wote. Wapo wazee Temeke na Ilala ambao, wakisikilizishwa kanda, waweza kutaja vidole vya kila gitaa. Wakae nao siku chache na daftari. Waanze na nyimbo za JUWATA za miaka ya 1978 hadi 1985, kwa kuwa hizo ndizo zilizotendewa vibaya kuliko zote na kipaza sauti, nazo zahitaji shahidi aliyekuwapo.