Rangi na Umbo katika Picha ya Mtoto: Mfano wa Karatu na Ngorongoro

Katika maduka yaliyo kandokando ya barabara itokayo Karatu kwenda lango la Lodoare, mlango wa Hifadhi ya Ngorongoro iliyoundwa mwaka 1959, huuzwa picha za Wamasai zisizofuatisha sura ya mtu. Mtu mzima ni mstari mrefu mwekundu. Mtoto ni mstari mfupi kando yake. Uso hauna macho wala kinywa. Wako wazidharauo kwa kuwa zimefanywa kwa ajili ya watalii. Twaona hukumu hiyo ni ya haraka, maana shahidi wa kwanza, yaani lugha, hajaulizwa.

Kiswahili kina rangi tatu tu zilizo sifa asilia, zenye kupokea viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine zimeazima majina ya vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa jivu, manjano kwa kiungo cha mchuzi. Hivyo mtazamaji asemaye "manjano" amekwisha kutaja kitu, hata ikiwa mchoraji hakuchora kitu. Lakini -ekundu haifungwi na kitu chochote: udongo wa Karatu ni mwekundu, na shuka ya Mmasai ni nyekundu. Katika baadhi ya picha hizo miguu ya mtoto hutoweka ardhini, wala hatuoni nguo yaishia wapi na udongo waanzia wapi. Brashi imesema kwa mpako mmoja yale ambayo lugha husema kwa neno moja.

Hata hivyo umbo lina upungufu. Ufupi peke yake haumfanyi mtu kuwa mtoto. Katika njia hiyo hiyo huonekana vijana wa Kimasai waliotoka kutahiriwa, wamevaa nguo nyeusi na kujichora nyuso kwa rangi nyeupe. Maana yake utoto umekwisha, na umorani haujaanza. Asiyejua hayo atasema nyeusi ni msiba na nyeupe ni usafi, akidhani amefasiri, kumbe amehamisha desturi za kwingine. Na mchoraji ampakaye mtoto na morani wekundu ule ule amefuta mpaka ambao wenyewe huuandika usoni.

Basi kabla ya kuzifasiri picha hizi, hapana budi tuyasikilize majina ya rangi kama yatajwavyo na Wairaqw wa Karatu na Wamasai wa Ngorongoro. Pasipo hayo, twayafasiri macho yetu wenyewe.