Methali, Kiambishi Hu- na Mipaka ya Mantiki Rasmi

Katika uhakiki wa fasihi simulizi, imezoeleka hoja kwamba methali za Kiswahili hupingana. "Haraka haraka haina baraka" huwekwa mkabala na "Ngoja ngoja huumiza matumbo", kisha huhitimishwa kwamba hekima ya wahenga haina msimamo. Makala haya yanalipinga hitimisho hilo. Kasoro haimo katika methali, bali katika kipimo kinachotumiwa kuzipima.

Mantiki rasmi ya kisasa, iliyoasisiwa na Gottlob Frege mwaka 1879, huichukulia kauli ya jumla kuwa kauli ya "kila": chochote kilicho A ni B. Kwa kipimo hicho, mfano kinzani mmoja hutosha kuibatilisha. Hata hivyo, kauli za hu- hazina "kila" wala "baadhi". "Ndege hutaga mayai" ni kauli ya kweli, ingawa madume na makinda hawatagi. Kinyume chake, "Ndege huwa majike" hukataliwa na kila msemaji, ilhali idadi ya majike haiwezi kuwa ndogo kuliko ya ndege watagao. Ni dhahiri basi kwamba ukweli wa kauli hizi hautokani na hesabu tu, bali pia na uhusiano wa jambo lisemwalo na maumbile au mwenendo wa kinachotajwa.

Athari za kupuuza tofauti hii huonekana katika methali "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu". Mantiki rasmi hudai kwamba, ikiwa kila asiyesikia huvunjika guu, basi kila asiyevunjika guu ni msikivu. Kwa hiyo mkaidi aliyefanikiwa atahesabiwa kuwa mtiifu, kwa sababu tu miguu yake ni mizima! Methali haikubali kugeuzwa hivyo. Huanzia kwenye ukaidi na kuonya juu ya maafa. Haiwatazami wenye miguu mizima na kuwatolea cheti cha adabu.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Rhetorica, aliiona kauli ya hekima kuwa kauli ya jumla ihusuyo matendo ya binadamu, yaani yale ya kuchaguliwa au kuepukwa. Kwa mtazamo huu, fundi anayeharakisha kazi huambiwa ya kwanza, na mgonjwa anayeahirisha matibabu huambiwa ya pili. Mashauri mawili yanayolengwa kwa hali mbili hayapingani.

Hata hivyo, utetezi huu una hatari yake. Ikiwa mfano kinzani hauibatilishi methali, chuki nayo hupata maficho. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" huweza kutumiwa kumhukumu mtoto wa mwizi. Akiwa mwadilifu, huitwa wa kipekee, na methali hubaki salama. Hapa mhakiki hapaswi kukimbilia tena kwenye "kila". Anapaswa kuuliza kama kweli upo uhusiano kati ya uzazi na uovu, nani anaitamka kauli hiyo, dhidi ya nani, na kwa manufaa gani. Methali inayoonya juu ya tendo humwachia msikilizaji nafasi ya kujirekebisha. Inayohukumu nasaba humnyima nafasi hiyo. Tofauti hiyo haionekani katika alama za mantiki. Huonekana katika muktadha wa usemaji, nao ndio uwanja halisi wa uhakiki wa fasihi.