Kiungo Kisichosema Neno: Tathmini ya Daftari la Viungo katika Masomo ya Theolojia

Utangulizi

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hiyo yafaa dukani, lakini mwanafunzi wa theolojia naye ana mali yake: yale aliyosoma katika vitabu vya ufafanuzi, aliyosikia darasani, na aliyoyapata katika kuandaa mahubiri. Tangu zamani mali hiyo imetunzwa katika madaftari ya karatasi. Siku hizi wako wanafunzi na wachungaji wanaoitunza katika programu za kompyuta ambazo huunganisha andiko moja na jingine kwa viungo. Katika makala haya tunakusudia kuitathmini mojawapo ya programu hizo, iitwayo TiddlyWiki, ambayo sisi wenyewe tumeitumia katika kuandaa masomo ya Waraka kwa Warumi. Hatuulizi tu kama chombo hiki ni rahisi kutumia. Swali letu ni hili: kiungo kinapounganisha jambo na jambo, kinasema nini, na ni nani anayewajibika kwa kile kinachosemwa?

Neno "wiki" hapa si lile lenye maana ya juma. Ni neno la Kihawaii lenye maana ya "haraka". Mmarekani Ward Cunningham alilikumbuka kutoka katika jina la basi la uwanja wa ndege wa Honolulu, akalitumia mwaka 1995 kwa mfumo wake wa kurasa ambazo watu wengi waliweza kuziandika pamoja. Wiki binafsi imechukua mfumo huo ikamkabidhi mtu mmoja, kwa matumizi yake mwenyewe.

1. Jinsi programu inavyofanya kazi

TiddlyWiki ilitolewa mwaka 2004 na Jeremy Ruston wa Uingereza. Haiuzwi, na daftari zima ni faili moja tu linalofunguliwa katika kivinjari, hata pasipo intaneti. Kwa chuo au usharika ambako mtandao hukatika mara kwa mara, hiyo ni faida isiyo ndogo. Ndani ya faili hilo mwandishi hutengeneza vipande vifupi, ambavyo hapa tutaviita kadi. Kila kadi ina jina lake. Jina la kadi nyingine likiandikwa kati ya mabano mawili ya mraba kila upande, huwa kiungo, na kulibonyeza ni kuifungua kadi hiyo. Aidha kadi yaweza kupewa lebo, na kadi zote zenye lebo moja hukusanyika katika orodha moja. Programu huonyesha pia ni kadi zipi zinazoitaja kadi uliyo nayo.

Kasoro moja ya kiutendaji hatuna budi kuitaja. Katika vivinjari vya kawaida, kuhifadhi maana yake ni kupakua nakala mpya ya faili zima. Asiye mwangalifu atajikuta na nakala kumi za tarehe mbalimbali, asijue iliyo ya mwisho. Lakini kasoro hiyo yarekebishika. Iliyo nzito zaidi haimo katika programu, bali katika namna ya kusoma ambayo programu hutuzoeza.

2. Waliotutangulia

Kuunganisha maandiko kwa viungo si jambo jipya katika Kanisa. Katika karne ya 4 Eusebius wa Kaisaria alimwandikia Carpianus kumweleza kazi ya Ammonius wa Aleksandria, aliyeiweka Injili ya Mathayo na kupanga kando yake vifungu vinavyofanana kutoka katika Injili nyingine. Eusebius aliona hasara yake: mfululizo wa zile Injili tatu nyingine ulikatwakatwa. Hivyo akachagua njia nyingine. Injili zote nne ziliachwa nzima, kila sehemu ikapewa namba, na namba hizo zikapangwa katika majedwali kumi. Jedwali la kwanza lina vifungu vilivyomo katika Injili zote nne, na la kumi lina vile vilivyomo katika Injili moja moja tu. Msomaji aliweza kwenda kutoka Injili hii hadi ile, lakini alipofika alikuta habari nzima, wala si kipande.

Philipp Melanchthon naye alikusanya mambo makuu ya imani chini ya vichwa katika kitabu chake cha mwaka 1521, Loci communes. Vichwa vile, kama vile dhambi, sheria na neema, vilitokana na kazi yake ya kuufundisha Waraka kwa Warumi. Tena hakuviacha vilivyo: alikiandika kitabu hicho upya mara kadhaa katika maisha yake.

Katika nyakati zetu, wanaozisifu programu hizi humtaja sana Niklas Luhmann, mwanasosholojia Mjerumani aliyeishi kati ya mwaka 1927 na 1998, na ambaye aliandika pia juu ya dini. Aliacha sanduku lenye kadi zipatazo 90,000. Kila kadi ilikuwa na namba, na kila kiungo kilikuwa namba iliyoandikwa kwa mkono. Twaona kwamba ugumu huo ulikuwa na faida yake, kwa kuwa mtu hawezi kuandika namba ya kadi nyingine asipokuwa ameikumbuka au ameitafuta. Katika TiddlyWiki lebo huwekwa kwa nukta moja ya wakati, na mara nyingi mawazo hayafuatani na kidole.

3. Kiungo kisichosema

Tutoe mfano kutoka katika daftari letu wenyewe. Tulikuwa na kadi yenye jina "Serikali". Ndani yake Warumi 13:1-7 iliunganishwa na 1 Petro 2:13-17, na Matendo 5:29, na Ufunuo 13. Hakuna kiungo hata kimoja kilichokuwa cha uongo. Hata hivyo, tulipoirudia Biblia tuligundua kosa letu. Maneno ya Kigiriki ya kisasi na ghadhabu yaliyomo katika 12:19 yanarudi katika 13:4, na neno la deni katika 13:7 linaendelea katika 13:8, ambapo Paulo anazungumzia deni la upendo. Mtume mwenyewe alikuwa amekwisha kuweka viungo vyake, mbele na nyuma ya kifungu, nasi tulivikata vyote viwili ili kukipata kipande kinachoenea katika kadi. Tulifanya kama Ammonius, tukidhani tumefanya kama Eusebius.

Mfano wa pili ni mzito zaidi kwetu Walutheri. Lebo "Kuhesabiwa haki" inaziweka Warumi 3:28 na Yakobo 2:24 katika orodha moja, zikiwa zimekaa kwa amani. Lakini uhusiano wa vifungu hivyo viwili ndio hasa unaobishaniwa! Je, vinapingana? Je, neno "imani" lina maana moja katika vyote viwili? Mbona Paulo na Yakobo wote wawili wanategemea Mwanzo 15:6? Luther aliupata ugumu huo, na dibaji zake za mwaka 1522 zinaonyesha jinsi alivyoutilia shaka Waraka wa Yakobo. Mtu aweza kukubaliana naye au kumpinga, lakini alisema neno. Lebo haisemi neno. Inaonyesha kwamba mambo mawili yanahusiana, kisha inanyamaza, na ukimya huo waweza kudhaniwa kuwa ni hoja. Mwanafunzi aliye na kadi mia tano zilizounganishwa hivi ana orodha ndefu, wala bado hajaandika ukurasa mmoja wa theolojia.

4. Watu si kadi

Jambo la mwisho lawahusu wachungaji. Chombo kinachofaa kwa vifungu vya Biblia kinashawishi kutumiwa kwa watu pia: kadi kwa kila Mkristo, na lebo za "ndoa", "ulevi", "ugonjwa". Katika daftari la karatasi mambo hayo yamo katika kurasa mbalimbali. Katika daftari la viungo, kubonyeza lebo moja huleta orodha ya majina ambayo hakuna mtu aliyewahi kuketi na kuiandika. Aliyetubu miaka kumi iliyopita anakaa pamoja na aliyesingiziwa jana. Hapo kiungo kimekuwa ushuhuda juu ya jirani, na Amri ya Nane yatuhusu. Programu yaruhusu kuweka nenosiri, na Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini nenosiri humzuia mwizi tu, haliisahihishi orodha. Yale yaliyosemwa katika maungamo yasiandikwe humo kabisa.

Hitimisho

Hatuwashauri wasomaji wetu waitupe programu hii. Ni chombo chepesi, hakihitaji fedha, na kwa mwenye kusoma kwa bidii kitamsaidia kuyapata tena aliyoyasahau. Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, Biblia isomwe nzima kabla ya kadi kufunguliwa, na kila kadi itaje kifungu kinachotangulia na kinachofuata. Pili, kiungo kiwekwe ndani ya sentensi yenye kitenzi: hiki chaeleza kile, chapinga, chatimiza, au bado hatujui. Lebo zitumike kwa uchache. Tatu, vichwa vipitiwe upya kila mwaka, kama Melanchthon alivyovirudia vyake.

Wiki ya Wahawaii yasema haraka. Wiki yetu ina siku saba, na mhubiri anazihitaji zote. Usharika unaomngoja Jumapili hautamwuliza ameunganisha kadi ngapi, bali utasikiliza kama ana neno.