Ghala Kuukuu katika Shamba la Wanyama: Mandhari Si Pambo

Mwalimu mwenzangu, mwulize mwanafunzi wa Kidato cha Tatu mandhari ya riwaya ya George Orwell, Animal Farm (1945), ambayo Fortunatus Kawegere aliifasiri kwa jina Shamba la Wanyama (1967). Atakujibu, "Ni shambani," kisha akimbilie maudhui ya uongozi mbaya. Hajakosea, lakini ameliruka ghala. Makala haya yanadai kwamba ghala hilo kuukuu ndilo kipimo cha kile wanyama walichopoteza.

Orwell aliyajua maghala ya mashambani. Mwaka 1936 alihamia kijiji cha Wallington, Hertfordshire, nchini Uingereza, akafuga mbuzi na kuku. Maghala ya sehemu hizo ni ya mbao zilizopakwa lami nyeusi ili kuzuia mvua. Hayana nakshi. Uzuri wao umetokana na kazi na miaka mingi ya jua na baridi.

Hebu turejelee sura ya kwanza. Ni usiku, kandili inaning'inia kwenye boriti, na Major amelala juu ya nyasi kavu jukwaani. Njiwa wamepanda kwenye kenchi, kuku wako madirishani. Clover anawazungushia mguu wake bata wachanga waliopotelewa na mama yao, nao wanasinzia. Mwandishi halisifu ghala hata kidogo, lakini msomaji anauhisi utulivu wake. Ni kweli kwamba nguruwe tayari wamekaa mbele. Hata hivyo, kila mnyama amepata pa kujiegesha.

Linganisha na mkutano unaofanyika baada ya Snowball kufukuzwa. Ghala ni lilelile, boriti ni zilezile. Sasa Napoleon ameketi jukwaani pamoja na Squealer na Minimus, mbwa tisa wamewazunguka, nguruwe wengine wako nyuma yao, na wanyama waliosalia wamekaa chini wakiwakabili. Hakuna aliyetangaza kwamba usawa umekwisha. Mpangilio wa viti umetangaza.

Kisha kuna ukuta. Amri zinaandikwa kwa rangi nyeupe juu ya lami nyeusi. Usiku mmoja Squealer anapatikana chini ya ukuta huo, kando yake ngazi iliyovunjika na kopo la rangi lililomwagika. Mwishoni Clover, ambaye macho yake yamefifia, anamwomba Benjamin amsomee. Mbao zimezeeka kwa haki, kama Clover mwenyewe alivyozeeka. Maandishi hayakuzeeka, yalighushiwa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kejeli ya Orwell, na haionekani kwa mtu asiyeutazama ukuta.

Huenda ukasema kwamba hii ni riwaya ya siasa, na ghala ni jukwaa tu la kuchezea matukio. Lakini kama ghala la sura ya kwanza halingekuwa na uzuri wowote, tungesikitikia nini linapogeuzwa baraza la vitisho? Maudhui yangebaki kuwa orodha ya makosa ya watawala, nayo orodha hukaririwa na kusahauliwa mara tu mtihani unapokwisha.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika dhamira ubaoni, waombe wanafunzi wachore ghala mara mbili, kwa mikutano hiyo miwili, na waonyeshe nani amekaa wapi. Kisha waulize bata wachanga wako wapi katika mchoro wa pili.